Msikilizaji hakuelewa: kutafuta kasoro katika habari ya redio

Mama mmoja wa Kimara Korogwe alipiga simu studio dakika tano baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. "Mwanangu, maji yanakatika kesho au yanarudi?" Habari ile niliihariri mwenyewe. Majina ya maeneo yalikuwa sahihi, saa zilikuwa sahihi, chanzo kilitajwa. Tuliandika: "Huduma ya maji haitapatikana kesho katika maeneo ya Kibamba, Mbezi na Kimara." Yeye alikuwa anakaanga samaki. Kikaango kikapiga kelele, silabi moja ikampita, akasikia "itapatikana".

Gazetini sentensi ile isingekuwa na kosa. Redioni ina kosa, na kosa ni letu, si la mama. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, msikilizaji wa mji huu hajabadilika sana: ana kazi nyingine mikononi. Anasuka, anapika, au yuko ndani ya daladala ya Gongo la Mboto na konda anagonga bati akiita vituo. Hana mstari wa kurudia.

Mwongozo huu nimeupanga kuanzia lalamiko kwenda kwenye chanzo chake, kama fundi redio anavyoanza na "inakoroma" kabla ya kufungua kasha.

Kipimo cha kuanzia

Kabla hujagusa sentensi, msomee mtu habari yako mara moja tu, kwa kasi ya studio, naye akiwa na shughuli. Sisi tulikuwa tukimsomea mama ntilie aliyeuza chakula nje ya ofisi, huku anapakua wali. Kisha mwombe akusimulie alichosikia. Usimuulize "umeelewa?" kwa sababu kwa heshima atakujibu ndiyo. Mwache asimulie. Pale anapopotea ndipo penye kasoro, na namna anavyopotea itakuonyesha uanzie wapi kati ya haya yafuatayo.

"Walisema ipo au haipo?"

Hii ndiyo kasoro ya mama wa Kimara, na naiweka mbele kwa sababu inageuza habari kuwa kinyume chake. Kiswahili hubeba ukanushi katika silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi: itapatikana, haitapatikana, amekamatwa, hajakamatwa. Mbaya kuliko zote ni "si" na "ni". "Maji ya kisima hiki si salama" ikipita kwenye kelele za bodaboda, kilichobaki ni "maji", "kisima" na "salama". Mtu atakunywa.

Tiba yake ni kutumia kitenzi ambacho maana ya kukosekana imo ndani ya mzizi wenyewe, si kwenye kiambishi: kukatika, kusitishwa, kufungwa, kukosa, kushindwa, kukataa, kuahirishwa. "Kivuko cha Magogoni hakitafanya kazi kesho" igeuze iwe "Kivuko cha Magogoni kitasimama kesho", kisha ongeza jambo ambalo lina maana endapo tu kivuko kimesimama: "Abiria wa Kigamboni watalazimika kupita darajani." Aliyekosa sentensi ya kwanza ataijenga kutokana na ya pili. Kwa kile kisima, andika: "Maji ya kisima hiki yana vijidudu. Yanaweza kukuuguza."

Hapa kuna mtego. Ukikimbia ukanushi, usikimbilie uongo. "Hajakamatwa" haimaanishi "ametoroka". "Hakujibu" haimaanishi "amekataa kujibu". Huenda simu yake ilikuwa imezimwa. Neno lenye nguvu zaidi likikosa ushahidi, bakia na ukanushi, lakini upe sentensi yake fupi peke yake: "Mpaka sasa hajakamatwa." Ukimya kabla na baada yake utaulinda.

Na ukanushi juu ya ukanushi, kama "hakuna asiyefahamu" au "hawajakataa kutolipa", ufute wote. Hata wewe mwandishi unahitaji kuusoma mara mbili.

"Nani kamwambia nani?"

Soma hii kwa sauti: "Mkuu wa wilaya amemwambia mkandarasi kwamba ameshindwa kusimamia kazi yake na kwamba atamfikisha kwa waziri." Nani ameshindwa? Kazi ya nani? Ukiwa umeshika karatasi, akili inakuchagulia jibu. Hewani kila msikilizaji anachagua lake, na baadhi yao wanamchagua mkuu wa wilaya.

Kiambishi "a-" kinamchukua mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Watu wawili wakiwa ndani ya sentensi moja, kinaanza kuyumba. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mwandishi. Redioni ninakuomba urudie: "Mkuu wa wilaya anasema mkandarasi ameshindwa kazi. Mkuu huyo wa wilaya anasema atampeleka mkandarasi kwa waziri." Haipendezi kwa jicho. Kwa sikio inatosha kabisa.

Ngeli nazo hufanya hivyohivyo kwa vitu. "Basi la abiria lililogongana na lori ambalo lilikuwa limebeba saruji limeteketea kwa moto." Basi ni "li", lori ni "li". Ndugu wa abiria waliokuwa safarini kutoka Morogoro wanasikiliza sentensi hiyo. Usiwaache wakisubiri ufafanuzi ambao hukuuandika. "Basi la abiria limegongana na lori la saruji eneo la Kibamba. Lori limeteketea. Basi halikushika moto." Umeona hapa nimetumia ukanushi kwa makusudi, katika sentensi yake peke yake, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza wanachotaka kujua.

Dawa ya jumla ni kupunguza "ambaye", "ambalo" na "ambayo". Kila ukikuta "amba-" katika skripti, weka nukta kabla yake, kisha anza sentensi mpya kwa nomino. Mara tisa kati ya kumi habari inakuwa bora.

"Saa ngapi hiyo?"

Taarifa nyingi zinazotua kwenye dawati la habari Dar es Salaam zimeandikwa na mtu aliyefikiri kwa Kiingereza, hata kama maneno ni ya Kiswahili. Zinasema mkutano utaanza 09:00. Mwandishi ana haraka, ananakili tarakimu. Msomaji anaingia studio, anaona tisa, anasema "saa tisa". Watu wanafika alasiri, wanakuta viti vimeshakunjwa. Nimeona hili likitokea kwenye kituo nilichofanyia kazi, na aliyepoteza nauli siku ile alikuwa mzee aliyetoka Chanika kufuatilia hati ya kiwanja chake.

Usiache tarakimu ya saa kwenye skripti. Andika kwa maneno: saa tatu asubuhi. Na kila saa ipe sehemu yake ya siku, hasa saa sita na saa kumi na mbili, ambazo bila "mchana", "usiku", "asubuhi" au "jioni" hazina maana.

Usiku una tatizo lake. Kwa Mswahili siku hugeuka jua likizama, kwa kalenda ya ofisi hugeuka saa sita usiku. "Usiku wa Ijumaa" kwa bibi yangu ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa mjukuu wake anayefanya kazi benki Posta, ni usiku unaofuata. Lugha imeshatupa suluhisho zuri ambalo sijaliona kwingine: "usiku wa kuamkia". Moto uliozuka saa nane za usiku, andika "usiku wa kuamkia Jumamosi" na hakuna atakayekosea.

Jambo dogo la mwisho hapa. Habari ya saa mbili usiku mara nyingi hurudiwa asubuhi. Kama imeandikwa "kesho", yule msomaji wa asubuhi ataisoma "kesho". Taja na jina la siku: "kesho Alhamisi". Yeye ataona na kubadilisha.

"Ni shilingi ngapi kwani?"

"Elfu mia mbili na hamsini." Hiyo ni 250,000 au 200,050? Kwa sikio yote mawili yanawezekana. Lugha ya sokoni Kariakoo imeshalimaliza hilo zamani: laki mbili na nusu. Sijui kwa nini tunaona haya kulitumia neno laki kwenye taarifa ya habari. Ni neno letu, ni fupi, na kila mtu anaijua laki moja kwa ukubwa wake mfukoni.

Kanuni ninayoifuata ni namba moja kwa sentensi moja. Sh1,247,650,000 ikifika hewani nzima inakula sekunde kadhaa, na inapomalizika msikilizaji ameshasahau ni za nini. "Zaidi ya shilingi bilioni moja na milioni mia mbili" inatosha. Asilimia 33 ni karibu theluthi moja, asilimia 24 ni karibu robo.

Lakini kuna namba zisizokadiriwa. Idadi ya waliofariki ni mojawapo: waliokufa ni kumi na tisa, si "karibu ishirini", kwa sababu kila mmoja ana nyumba yake. Nyingine ni bei ambayo mtu ataikuta imebandikwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hutofautiana kulingana na mafuta yamepitia bandari ya Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Nimesikia waandishi wakisoma jedwali zima: bandari 3, aina 3 za mafuta, bei 9 mfululizo. Hakuna anayebaki na hata moja. Kama kituo chako kinasikika Dar es Salaam, toa bei ya petroli ya Dar es Salaam kwa ukamilifu wake, sema imepanda au imeshuka kwa shilingi ngapi, kisha dizeli. Basi. Dereva wa bodaboda anataka kujua kama kesho atapandisha nauli.

"Kuna mtu alikuwa anahutubia..."

Hivi ndivyo mama ntilie alivyosimulia habari moja tuliyojivunia. Hakukumbuka kitu kingine. Skripti ilianza: "Akizungumza na waandishi wa habari ofisini kwake leo jijini Dar es Salaam, Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa..." Mpaka unafika kwenye kitenzi, wali umeshapakuliwa, pesa imeshapokewa, chenji imerudishwa.

Chanzo cha kasoro hii kiko nje ya sentensi. Mwandishi amealikwa kwenye tukio, amekaa, ameandika kwa mpangilio wa tukio: nani alisimama, wapi, mbele ya nani. Ameleta muhtasari wa kikao. Hapo hakuna sentensi ya kurekebisha. Rudi nyuma ujiulize ni nani ataamka kesho na jambo limebadilika katika maisha yake, kisha anza na jambo hilo. "Wafanyabiashara ndogondogo wa Kariakoo wamepewa wiki mbili kuondoka barabarani." Aliyesema hayo anakuja katika sentensi ya pili, na cheo chake kinafupishwa hadi kiwango ambacho watu wanakijua. "Waziri wa TAMISEMI" anajulikana mpaka kijiweni.

Kuna ufunguzi mwingine unaonisumbua zaidi: "Imeelezwa kuwa..." Pamoja na ndugu zake, "imebainika", "imedaiwa", "wito umetolewa", "wananchi wametakiwa". Sauti ya utendwa imekuwa pazia. Imeelezwa na nani? Mara nyingi nikimbana mwandishi, ninagundua aliyeeleza ni mtu mmoja tu, mwenye maslahi yake. Msikilizaji ana haki ya kujua hilo kabla hajaliamini jambo. Kwa hiyo dai lolote lenye ubishi, anza na mwenye dai: "Mwenyekiti wa mtaa anasema kiwanja ni mali ya serikali." Gazeti linaweza kumweka msemaji mwishoni, baada ya mkato. Redioni, sekunde zile kabla jina halijatajwa, dai linasikika kama ukweli uliothibitishwa na kituo chenyewe.

Wakili anaandika barua

Fupi, lakini ishike. Aliyeshikwa na polisi ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka pale mahakama ya Kisutu, ni mshtakiwa. Mwizi ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani, si kabla. Neno moja kati ya hayo likikosewa, huwezi kulirudisha kama gazeti linavyochapisha masahihisho, maana aliyesikia leo huenda kesho hasikilizi.

Msomaji anajikwaa

Usimlaumu msomaji mpaka uone karatasi. Ukikuta amejikwaa sehemu ileile aliyojikwaa mwenzake, skripti ndiyo yenye jiwe. Angalia marundo ya sauti zinazofanana: "shughuli za usafirishaji zishughulikiwe" itamshinda mtu yeyote mwenye pumzi. Angalia "barabara": mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, ukirudi nyuma silabi moja ni "sawasawa". "Kazi imefanyika barabara" ikisomwa vibaya, msikilizaji ataanza kutafuta barabara gani. Andika "imefanyika vizuri". Vifupisho viandike jinsi vinavyotamkwa, na sentensi isivuke ukurasa.

Kama tatizo ni muda, hesabu upya. Mimi nikisoma kwa kasi yangu ya kawaida, dakika moja inamaliza maneno 110 hadi 120. Miongozo ya Kiingereza hutaja maneno 160 hadi 180. Ukiifuata, msomaji wako atakimbia, kwani "hawajatulipa" ni neno moja kwetu na matano kwao. Jipime mwenyewe kwa saa ya simu, uandike idadi yako pembeni ya meza.

Sauti inarudia utangulizi

Utangulizi unasema "mkazi huyu anasema mafuriko yamebeba vitu vyake vyote", kisha sauti yake iliyorekodiwa inaingia: "Mafuriko yamebeba vitu vyangu vyote." Umepoteza sekunde nane na umemwibia mkazi wa Jangwani uchungu wake. Utangulizi useme yeye ni nani na maji yaliingia lini. Kubebwa kwa vitu mwachie aseme mwenyewe.

Habari ya maji, baada ya kufunguliwa

Usiku ule, baada ya ile simu, tulikaa na skripti. Tuliiandika upya hivi:

"Wakazi wa Kibamba, Mbezi na Kimara, maji yatakatika kesho Alhamisi. Yatakatika saa kumi na mbili asubuhi. Yatarudi saa kumi na mbili jioni. Mamlaka ya maji inasema mafundi watakuwa wanatengeneza bomba kuu. Kama unaishi Kibamba, Mbezi au Kimara, kinga maji usiku huu."

Mwenzangu alipinga kuanza na majina ya maeneo. Alisema jambo lenyewe litangulie. Hoja yake ina uzito katika habari nyingi, lakini katika hii mtu hutega sikio akisikia mtaa wake, na hiyo nusu sekunde ya kutega sikio ndiyo aliyoikosa yule mama. Tukayataja maeneo tena mwishoni kwa ajili ya aliyewasha redio katikati ya habari. "Kinga maji" tuliiweka kwa sababu haina maana nyingine: hakuna anayekinga maji kwa kuwa yatakuwepo. "Huduma" tuliiondoa. Hakuna mtu Dar es Salaam anayesema huduma ya maji imekatika. Maji yanakatika.

Ilisomwa kwenye muhtasari wa saa nne usiku. Simu iliyofuata ilitoka kwa kijana aliyeuliza kama Kimara Suka imo au ni Kimara Mwisho peke yake. Tulikuwa hatujui. Tukampigia ofisa wa mamlaka usiku uleule, tukaiongeza Suka katika taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi, wakati mabomba yalikuwa yameanza kukauka.